Masaa Matatu Kasorobo Hadi Montreal

Montreal, 26 Novemba 1995

Mama yangu,

Najua utaanza kwa kutazama tarehe, uhesabu kwa vidole, kisha useme peke yako, "Miezi mitatu na nusu bila barua." Ni kweli, na naomba unisamehe. Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza Rim aliitapikia maziwa. Ya pili niliilalia, nikaamka na wino shavuni. Ya tatu niliimaliza, nikaisoma, nikaona ni malalamiko matupu, nikaichana. Hii ya nne naiandika nimesimama jikoni, mtoto nimemfunga mgongoni kama ulivyokuwa ukinifunga mimi, maana nikikaa tu nalala.

Rim hajambo. Ana mashavu ya marehemu Baba na hasira zako. Akishika kitu hakiachi. Jana alishika nywele zangu nikazunguka naye nyumba nzima nimeinamisha kichwa kama mbuzi anayepelekwa sokoni.

Kwa simu siwezi kukuambia mambo haya. Nikipiga dukani kwa mzee Si Bouazza na kusema nimekohoa, kufika alasiri mtaa mzima wa Tabriquet unaniombea dua.

Sasa sikiliza. Kule hospitali ninakofulia mashuka wamenipa likizo mpaka tarehe 5 Februari. Nisiporudi siku hiyo nafasi wanampa mwingine, na wako wengi wanaoingoja. Wanaolea watoto wa watu wapo hapa, lakini mtoto wa miezi sita nimkabidhi mtu ambaye hata jina la mama yake silijui? Nimelifikiria hadi kichwa kimeuma. Nakuhitaji wewe, angalau zile wiki tatu za mwanzo, hadi nimpate mlezi ninayemwamini.

Tiketi tumeshanunua. Nakunakilia kama ilivyoandikwa. Jumatano tarehe 31 Januari, kuondoka Kasablanka saa tisa na nusu alasiri, kufika Montreal saa kumi na mbili na robo jioni. Kurudi Jumamosi tarehe 24 Februari, kuondoka hapa saa mbili usiku, kufika Kasablanka saa mbili kasorobo asubuhi. Ni ndege moja tu, hakuna kushuka Paris wala kubadilisha. Utakaa kwenye kiti, utainuka kwenye kiti, utaniona.

Abdelhak anakusalimu. Hajambo, anafanya kazi kwa bidii. Usiulize maswali mengi, Mama. Njoo tu.

Mwanao,
Ghita


Salé, 14 Desemba 1995

Binti yangu Ghita,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nimeisoma kwa sauti, nikiisomea mashine yangu ya kushonea, maana ndani hamkuwa na mtu mwingine wa kumjulisha.

Nikwambie ukweli, nilipofika kwenye neno tiketi nilianza kutafuta maneno ya kukukatalia. Unajua nilivyoapa baada ya treni ya Oujda. Masaa kumi na moja kitini, miguu imevimba kama mikate, na yule mwanamke wa mbele yangu na kuku wake. Nilisema tangu leo mimi sikai ndani ya chombo zaidi ya masaa matano, awe amekufa nani, awe ameolewa nani.

Halafu nikatazama saa ulizoniandikia. Nikahesabu. Nikavaa miwani nikahesabu tena. Saa tisa na nusu mpaka saa kumi na mbili na robo ni masaa matatu kasorobo. Mwanangu, kwenda Marrakesh ni mbali kuliko hivyo. Miaka minne unanililia uko mbali, uko mbali, mimi naona huruma, kumbe unakaa hapo nyuma ya ukuta. Nimemwambia kila mtu sokoni. Mke wa muuza samaki hakuamini, nikamtolea barua.

Jambo la kurudi ndilo limenishangaza, masaa kumi na mbili kasorobo kwa njia ile ile. Nikamuuliza Si Bouazza, maana alikuwa dereva wa basi la kwenda mji wa Tanja miaka ishirini. Amesema ni upepo. Kwenda unasukumwa, kurudi unapigana nao. Hilo la kurudi nitajua huko huko.

Viza nimepata. Nilikwenda Rabat alfajiri, nikakaa kwenye foleni na kazi yangu ya vifungo mkononi, nikamaliza vifungo kumi na vinne vya kaftani. Kijana wa dirishani aliniuliza nakwenda kufanya nini Kanada. Nikamwambia nakwenda kunyang'anya nywele za binti yangu mkononi mwa mjukuu. Alicheka, akagonga muhuri.

Na tazama Mungu alivyopanga. Siku hiyo itakuwa ndani ya Ramadhani, na jua linatua saa kumi na mbili. Nashuka, nakubusu, tunafika mezani, tunafuturu pamoja. Kwa hiyo andaa supu ya harira, usiweke chumvi nyingi kama kawaida yako. Sitabeba chakula cha njiani. Cha nini?

Mbusu huyo mwenye hasira zangu. Mimi mzima kama chuma.

Mama yako,
Hniya


Salé, 7 Januari 1996

Ghita mdogo wangu,

Barua hii anakuletea mkononi Mfaddal, yule jirani anayesafiri huko mara kwa mara, anaruka kesho. Isome mtoto akiwa amelala.

Mama si mzima kama chuma. Ana sukari. Mwezi wa sita alianguka kibandani kwake katikati ya kukata kitambaa. Watu wakamleta hapa juu kwetu, mdomo mweupe, jasho linamtiririka, hajui hata siku ya leo ni ipi. Daktari amempa vidonge vya kila siku. Alituapisha mimi na mume wangu tusikwambie, maana ulikuwa na mimba kubwa, kisha ukazaa, na habari mbaya zinakata maziwa ya mzazi. Mimi nikaona sawa. Sasa sioni sawa tena.

Kuhusu Ramadhani, daktari alimwambia ni bora asifunge, na akikaidi basi ale daku dakika ya mwisho, afuturu jua likizama tu, asichelewe hata dakika kumi. Yeye anachokumbuka ni kwamba daktari hakumkataza.

Sasa kosa langu. Ile hesabu yake ya masaa matatu kasorobo niliisikia siku ile ile. Mume wangu akacheka, akanieleza, akachora hata duara la dunia kwenye karatasi. Nikamfunga mdomo. Nilitaka aende, Ghita. Tangu Baba afariki hajafurahi namna hii. Amejishonea jalaba mpya rangi ya zabibu. Anaamka anaimba. Nilifikiri akishaketi ndani ya ndege na mlango umefungwa, atafanya nini? Atafika tu.

Lakini sikuwa nimefikiria mambo mawili pamoja, hilo jua na hiyo sukari. Jana nimemkuta anapanga mkoba wake wa mkononi. Hakuna tende, hakuna hata kipande cha mkate. Nikamuuliza, akaniambia, "Nafuturu kwa Ghita, mezani, na harira ya moto."

Nikimwambia mimi ataona namfanyia hila abaki. Mwambie wewe. Wewe ndiye unayemwita.

Dada yako,
Zhor


Montreal, 16 Januari 1996

Mama yangu,

Kaa chini kwanza. Mtoe Si Bouazza ndani kama amekuja na mkate.

Safari si masaa matatu kasorobo. Ni masaa manane kasorobo. Saa ya huku iko nyuma ya yenu kwa masaa matano. Ninyi mkikaa kufuturu, mimi huku ndio natoa vyombo vya chakula cha mchana. Ile saa kumi na mbili na robo niliyokuandikia ni ya Montreal. Wakati huo huko Salé watu wamekula, wameswali tarawehe, wamelala. Na kurudi si masaa kumi na mbili, ni karibu saba. Upepo upo, ila Si Bouazza ameugeuza. Kutoka kwako hadi kwangu ni kilomita elfu tano na mia sita. Sikukudanganya kwamba niko mbali.

Lakini nilikudanganya kwa lingine. Nilikunakilia saa za tiketi nikanyamaza. Nilijua kiapo chako cha Oujda. Nilijua ukisikia masaa manane hutakuja. Barua yako ilipofika nilicheka mpaka Rim akashtuka, kisha nikaisukuma chini ya godoro, nikasema moyoni, mwache ahesabu anavyohesabu. Hiyo ni aibu yangu, naibeba.

Ndege inaondoka jua likiwa bado juu, na inakimbia kule kule jua linakoelekea. Jua linatangulia, ndege inalifuata nyuma. Nimemuuliza Mfaddal aliyeruka safari hiyo Ramadhani ya mwaka juzi. Amesema kwa saa ya Salé jua lilizama karibu saa tatu usiku. Masaa matatu baada ya adhana yenu, Mama. Na najua kuhusu sukari. Usimgombeze Zhor. Maziwa hayajakatika, Rim ananyonya hivi sasa ninavyoandika, na mwandiko unauona ulivyo.

Kwa hiyo siku ya safari hutafunga. Utakunywa vidonge vyako kama kawaida na utakula watakachokupa ndani ya ndege. Wewe ni msafiri na wewe ni mgonjwa, una ruhusa mbili, wengine wanatafuta moja. Mimi mwaka huu sifungi. Nani aliyeniandikia kwamba mwenye kunyonyesha asijifanye shujaa? Mwandiko ulikuwa wako. Mbona ruhusa ya Mungu ni nzuri kwangu, kwako ni aibu?

Na kwa kuwa tumeanza kusemezana ukweli, Abdelhak hayupo nyumbani. Anafanya kazi kaskazini kwenye bwawa la umeme, wiki tatu huko, wiki moja hapa. Mimi na Rim tuko peke yetu, theluji mpaka dirishani. Basi, sina lingine nililokuficha.

Nataka uniandikie kwa mkono wako kwamba utakula. Si kwa simu mbele ya duka zima. Mfaddal atarudi kuja huku tarehe 25, mpe yeye. Kama huwezi kuniandikia hivyo, usije. Nitaacha kazi, nitakaa na mwanangu. Mashuka yatapata mfuaji, mimi mama mwingine sina.

Mwanao anayekupenda,
Ghita


Salé, 24 Januari 1996

Ghita,

Mfaddal yuko mlangoni na amekataa kukaa, kwa hiyo naandika nimesimama na utapata barua ya mtu aliyesimama.

Masaa manane kasorobo. Nimetembea mtaa mzima nikijigamba. Leo mke wa muuza samaki ameniuliza mbele ya watu, "Lalla Hniya, hajambo jirani yako wa Kanada?" Nimebadilisha muuza samaki.

Nimeanza kufunga nikiwa na miaka kumi na mbili. Nimefunga na mimba yako tumboni mwezi wa joto, na hukunisikia nikilalamika. Leo ni siku ya tatu ya mwezi, nimefunga zote, na mimi huyu nimesimama. Zhor nimemnunia siku mbili, siku ya pili kwa shida maana alikuwa amepika vizuri.

Umeniandikia "usije." Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyeniandikia neno hilo.

Ninakuja Jumatano. Mambo ya kula usiniulize, nitaona mwenyewe huko huko. Mtoto mfunike kichwa.

Hniya


Ndani ya ndege, Jumatano 31 Januari 1996

Zhor mwanangu,

Naandika juu ya meza ndogo inayokunjuka kutoka mgongoni mwa kiti cha mtu. Kila nikiweka nukta yule wa mbele anageuka. Barua hii nitamwachia Ghita aitie posta. Saa yangu sijaigeuza, iko ya Salé.

Saa tisa na nusu tuliondoka, sawasawa na karatasi. Nilidhani nitaogopa. Nilichosikia ni kama siku ile Baba yenu aliponipakia pikipiki mara ya kwanza bila kuniambia kwamba hajui breki. Nimeliona jiji lote la Kasablanka limelala kama kitambaa kilichokatwa kabla hakijashonwa. Kisha bahari, na bahari, na bahari. Niko dirishani, upande wa kushoto, na jua liko upande wangu. Wa katikati wote hawalioni.

Ndiyo, nimefunga. Nilikula daku saa kumi na moja na nusu nikanywa kidonge, na zile tende ulizonitumbukizia mkobani ukidhani sikuoni nimezikuta, na mayai pia. Nilisema nitajaribu. Nilisema Ghita anajua nini, amekuwa mama juzi.

Saa kumi na mbili. Sasa hivi mnakaa mezani. Naisikia harira yenu. Jua hapa, Zhor, liko pale pale juu ya bawa kama limepigwa msumari. Kwenye kiti cha pembeni yangu kuna mwanamke wa Beni Mellal, Haja Mahjouba, anakwenda kwa mwanawe. Aliniuliza taratibu, "Limeshuka?" Nikamwambia bado. Mwanamume wa nyuma, Si Larbi, kichwa chote mvi, akaonyesha saa yake ya mkononi akasema Kasablanka wanakula, yeye alitia nia Kasablanka, kwa hiyo anakula. Akamenya yai. Kijana mmoja mwenye ndevu fupi akamwambia, "Ami, jua unaliona kwa macho yako, saa unaipeleka wapi?" Akajibiwa na mdomo uliojaa, "Wewe kula na jua, mimi nakula na saa." Mwingine akasema tusubiri saa ya Montreal, na wote wawili wakamgeukia. Ndege nzima imegawanyika vijiji vitatu. Mhudumu amesimama na kigari chake cha chakula hajui aanzie kijiji gani.

Mwisho wakakubaliana jambo moja. Bibi wa dirishani, Lalla wao, ndiye atakayetazama. Wananiuliza kutoka viti vya nyuma, ujumbe unapitishwa mdomo kwa mdomo, "Mwulizeni Lalla." Mimi nawajibu bado. Nimekuwa muadhini wa ndege, mimi mshona kaftani.

Saa kumi na mbili na nusu. Mhudumu amemuuliza rubani, amerudi na jibu. Kwa saa yetu ni saa tatu kasoro dakika kumi. Zaidi ya masaa mawili. Kijana mwenye ndevu amefunga macho. Haja Mahjouba anasoma tasbihi. Mimi nimesema kidogo tu, kidogo tu.

Saa moja kasoro dakika tano. Mwandiko wangu unauona. Vidole vya baridi, midomo imekufa ganzi, jasho shingoni na huku kumepoa. Nalijua jasho hili, ni lile la kibandani. Nikajaribu kuhesabu herufi za jina la Rim nikapotea kwenye herufi tatu.

Nitakueleza nililofikiri, Zhor, ili usidhani ni ninyi mlionishinda. Nilimfikiria Ghita amesimama uwanjani na mtoto mgongoni, mlango unafunguka, wanatoka watu wote, kisha wanamtoa mtu amelazwa. Nikasema, nimevuka bahari yote hii nimpelekee hicho?

Nikafungua mkoba. Nikatoa tende. Haja Mahjouba akaona akaruka, akasema kwa sauti, "Limetua, limetua, Lalla anakula," na nyuma yangu nikasikia karatasi za chakula zinafunguliwa safu baada ya safu. Ikanibidi nisimame. Kichwa kinazunguka, nimeshika kiti, tende mkononi. Nikawaambia, "Halijatua. Msile kwa ajili yangu. Mimi ni msafiri, na ni mgonjwa wa sukari."

Neno hilo sijawahi kulitamka mbele ya mtu, hata mbele yako. Nimelitamka mbele ya watu mia mbili, juu ya bahari.

Nikaketi, nikala tende ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kijana mwenye ndevu akainuka, nikasema haya sasa nahubiriwa. Akaniletea maji, akaniambia, "Kula, mama yangu. Mama mzazi wangu pia anayo sukari, na ni mbishi hivyo hivyo." Kisha mwanamke mmoja kule nyuma akasema naye yu mja mzito na alikuwa anaona haya. Akala. Na mzee mmoja akala. Si Larbi akawagawia mayai wote hao, amefurahi kupata wenzake.

Saa mbili na nusu. Nimerudi kuwa mtu. Nimekula wali, kuku, na kitu cheupe kitamu nisichokijua. Wengine bado wanangoja, na bado wananiuliza. Hawakuninyang'anya kazi.

Saa tatu kasoro dakika nane. Zhor, laiti ungeona. Lilishuka polepole mno, pole kuliko nilivyowahi kuona maishani, kama mtu anayeondoka harusini, anaaga kila chumba. Wekundu ukaenea dirisha zima. Likabaki ukucha, likabaki uzi, likaisha. Nikageuka nikawaambia, "Sasa."

Ndege yote ikasema bismillahi kwa mara moja. Nikalia kidogo. Haja Mahjouba akanitia yai mkononi, nikala tena, kwa heshima.

Wanasema tufunge mikanda. Chini kuna taa na kila kitu ni cheupe.

Mama yako,
Hniya


Montreal, 25 Februari 1996

Dada Zhor,

Barua ya Mama ya ndani ya ndege nakuambatanishia humu. Nimechelewa kukutumia maana aliniambia niisome kwanza, na kila nikiisoma nashindwa kuifunga.

Siku ile nilifika uwanjani masaa mawili kabla. Watu wakaanza kutoka, na jambo la ajabu, kila anayetoka anasema Lalla, Lalla, mkoba wa Lalla uko wapi, Lalla apite kwanza. Nikafikiri kuna mke wa waziri. Kumbe ni jalaba ya rangi ya zabibu. Kulia kwake mzee wa mvi, kushoto kijana wa ndevu amebeba mifuko yake miwili, nyuma mwanamke mja mzito anamshukuru. Mama akanitazama toka chini hadi juu, akasema, "Umekonda. Nimekula, usianze." Hayo tu. Kisha akamchukua Rim, Rim akamshika nywele, Mama akasema nimwachie tu.

Harira nilikuwa nimepika. Akaionja, akasema chumvi.

Nilimpeleka kliniki wiki ile ile. Daktari ni mwanamke, na hasemi bora wala nini. Alisema hapana, hakuna kufunga. Mama akanuna siku nzima, kesho yake akaamka akanywa chai asubuhi dirishani, pazia wazi, kusudi mtaa mzima umwone, mtaa ambao hata haumjui. Tangu hapo hajafunga. Naomba kwa kila siku asiyofunga umpelekee chakula yule mjane wa karibu na kisima, Mama anataka iwe kutoka jikoni kwako, si pesa.

Tarehe 5 nilirudi kazini. Nikitoka saa kumi na moja alfajiri ananishikia mlango na ananifunga skafu kama mtoto wa shule. Nikirudi namkuta Rim ameoga, ameshiba, na Mama anamweleza jinsi ndege inavyolifuata jua. Dada, nimelala. Juzi nililala masaa manane mfululizo. Nilipoamka nilidhani nimekufa.

Idi tuliifanya hapa. Abdelhak alikuwepo. Mama alimgombeza saa nzima kuhusu bwawa, na mwishowe akamfungia vitafunio vitamu vya chebakia vya kupeleka kwa wenzake.

Sasa jambo lenyewe. Jana ilikuwa Jumamosi, siku ya tiketi ya kurudi. Nilimfungia sanduku Ijumaa bila kusema neno, nikakunja kila nguo nimeng'ata mdomo. Asubuhi nimekuta nguo zote zimerudi kabatini. Nikamuuliza vipi, ndege ni saa mbili usiku. Akasema bila kuniangalia, "Masaa saba mimi sikai kitini. Niliapa." Saa mbili usiku alikuwa anamwimbia Rim, na saa mbili ikapita. Viza yake ina miezi sita. Baada ya hapo tutaomba tena, na tena.

Kwa hiyo naomba ututumie haya, Mfaddal anaruka tarehe 6 Machi na amekubali mfuko mmoja:

Vidonge vya Mama vya sukari, pakiti sita, na daftari lake la kliniki. Miwani yake ya pili, ile ya mkono uliofungwa uzi. Nguo zake za majira ya kuchipua, zote, usichague. Hina, nusu kilo. Ile jozi ya viatu ambayo anasema ilipotea lakini iko chini ya kitanda. Bizari zako, kila aina kidogo, ila uandike majina, mimi sizijui kwa harufu kama ninyi. Uzi wa hariri, vibiringo vinne vya dhahabu na viwili vya kijani. Kastabini yake ya fedha. Kuna mwanamke Mmoroko ghorofa ya chini anamwoza binti yake mwezi wa sita, na Mama ameshampima.

Na mkasi. Ule mkubwa mweusi wa kukatia kaftani. Nimemuuliza mara mbili kama ana hakika, maana tangu tuzaliwe mkasi huo haujalala nje ya nyumba ile hata usiku mmoja, hata alipokwenda Oujda kumzika kaka yake. Amesema ufungwe katika taulo nene, uwekwe katikati ya nguo, na ncha itazame chini.

Mdogo wako,
Ghita